Mengineyo

Ajenda ya tatu ilikuwa reli.
Tuliketi chumba cha kungojea, daraja la tatu,
kwenye mabenchi yaliyobaki
baada ya mengine kugeuka kuni,
na dirisha la tiketi lilikuwa wazi
kwa mara ya kwanza tangu Msabila alipolifunga
akaondoka na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Bwana mpimaji alibandika manila ukutani.
Mstari mwekundu: treni irudi,
mabehewa manne asubuhi, manne jioni,
Igombe hadi Tabora mjini, kama zamani.
Mstari wa kijani: chuma king'olewe,
tuta lisawazishwe, limwagwe moramu,
watu wapite kwa miguu na baiskeli,
kilomita kumi na tisa bila lori hata moja.

Mihayo akasimama, vidole bado vinanata asali.
"Madumu sita, kila Jumanne.
Barabara kuu ilinivunja mguu na baiskeli siku moja.
Mguu ulipona.
Nipeni kijani."

Bi Kalunde hakusimama, magoti hayakumruhusu.
"Shija wangu alizaliwa behewa la pili,
kati ya kilomita ya saba na ya nane,
mkata tiketi akageuza uso akashika taa.
Leo mwenye uchungu anapakiwa bodaboda,
dereva mbele, wifi nyuma,
na njia ya Kitete ina mashimo ya kuogea bata.
Eti njia ya kutembea!
Nimetembea vya kutosha. Mimi nataka kukaa."

Watu wakacheka, kisha hawakucheka.

Mimi sikusema.
Ningesema nini? Kwamba jukwaa la stesheni
ndilo ninaloanikia michembe?
Kwamba Juni hadi Septemba naitandaza juu ya salfeti,
nyuma ya mstari mweupe,
kama abiria walioonywa wasisogee,
na saruji ile, iliyomwagwa kwa ajili ya viatu vya watu,
hukausha kwa siku mbili
kile ambacho bati langu hukausha kwa nne?
Treni ikirudi, nitafukuzwa kwa filimbi.
Njia ikija, nitafukuzwa na kibanda cha soda.
Katibu aliuliza, "Mengineyo?"
Nikaangalia kucha zangu.

Kura zikapigwa kwa mikono.
Wapo walionyoosha nyekundu, wakanyoosha na kijani.
Katibu akapata mikono mingi kuliko vichwa,
akahesabu tena, ikaongezeka,
akaahirisha.

Nje jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye tangi la maji.
Baba yangu Kasoga alikuwa mkagua njia:
kilomita sita kwenda, sita kurudi, nyundo begani.
Hugonga, husikiliza, husogea.
Reli nzima huimba, alisema, yenye ufa hukohoa.
Alipostaafu alikuwa akigonga sufuria zetu,
akimwambia mama ipi haitamaliza mwaka.

Nikaokota kokoto, nikagonga.
Mlio ukakimbia,
ukapita nyuma ya msikiti, ukapita shamba la tumbaku,
hadi pale walipokata vipande viwili usiku
wakaviuza kwa kilo.
Hapo ukafika, nadhani. Hapo ukakosa pa kukanyaga.
Mbele yake chuma kimelala vilevile, hakijui
kwamba kuna mtu anauliza.

Nikakusanya michembe yangu.
Mmoja ulikuwa umeangukia njiani, nikashuka kuufuata,
nikaona nikate tu kwa relini hadi nyumbani.
Mataruma hayakupimwa kwa hatua ya mwanamke mwenye mzigo:
moja ni karibu mno, mawili ni mbali.
Mtoto wa mjini angejikwaa.
Mimi naenda hivyo tangu treni ya mwisho,
fupi, ndefu, fupi, fupi,
na salfeti kichwani haitikisiki.